Jedwali la Pointi za WRC: Nimelipima kwa Safari Rally

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni tena, ni mimi hapa Nairobi. Kwenye chaneli hii mmezoea kuniona na tairi, helmeti na mafuta ya injini. Leo mezani nimeweka karatasi moja tu. Hili ni jedwali la pointi za ubingwa wa dunia wa rali, lile lililoanza kutumika mwaka 2025, na nitalichambua kama ninavyochambua bidhaa nyingine yoyote: linafanya kazi gani, linaifanya vizuri wapi, na linamuumiza nani.

Nisogeze kamera muone. Mshindi wa rali anapata pointi 25. Wa pili 17, wa tatu 15, halafu 12, 10, 8, 6, 4, 2, na wa kumi anapata 1. Hiyo ni safu ya kwanza. Safu ya pili wanaiita Super Sunday: muda wa mikondo ya Jumapili, yaani vile vipande vya barabara vinavyopimwa muda, unajumlishwa peke yake, na madereva watano waliokuwa na kasi zaidi siku hiyo wanapata 5, 4, 3, 2 na 1. Safu ya tatu ni Power Stage, yaani mkondo wa kufunga rali, nao unalipa vilevile, 5 hadi 1. Dereva akizoa zote anaondoka na 35.

Sasa zipelekeni hizo namba Naivasha. Hell's Gate, mkondo ambao tumezoea kufungia Safari yetu, una urefu wa kilomita kama 10. Ukiushinda, pointi 5. Aliyemaliza wa nane katika rali nzima, zaidi ya kilomita 300 za kushindania muda, akapita Kedong, akapita Soysambu, akapita Sleeping Warrior na yale mawe yake, analipwa 4. Kilomita 10 zinalipa kuliko kilomita 300! Hapo ndipo ugomvi wangu na jedwali hili unapoanzia.

Na kuna zaidi. Dereva aliyevunja gari Ijumaa anaruhusiwa kulitengeneza usiku na kurudi barabarani kesho yake. Hana nafasi ya kulinda. Anaweza kuendesha polepole Jumamosi yote akitunza tairi zake, kisha Jumapili akafungulia. Akiwashinda wote siku hiyo na Power Stage akaichukua, ana pointi 10. Aliyemaliza wa tano kwa jumla bila kugusa bonasi naye ana 10. Mmoja aliliuguza gari lake kutoka Alhamisi hadi mwisho, mwingine alipumzika, na karatasi hii inawaona sawa.

Mtaniuliza, mbona nalivalia njuga suala la wa nane na wa tisa, watu ambao hata hawaonekani kwenye runinga? Mwaka 2021 Safari iliporudi kwenye ratiba ya dunia, baada ya kukosekana tangu 2002, magari makubwa ya timu za kampuni zinazounda magari yaliumia vibaya. Wa saba kwa jumla alikuwa Onkar Rai. Wa nane Karan Patel. Wa tisa Carl Tundo. Wakenya watatu, wakiwa na magari ya daraja la chini, ndani ya kumi bora ya dunia! Jedwali linalolipa nafasi ya mwisho hadi mtu wa kumi liliwapa haki yao, 6, 4 na 2. Hawangeweza kumshinda dereva wa timu hizo kubwa kwa kasi ya Jumapili moja. Walichoweza, na walikifanya, ni kufika. Safari tangu mwaka 1953 ni mashindano ya kufika. Mwaka 1963 yalimaliza magari saba tu.

Tuwatendee haki waliotengeneza jedwali hili, maana walikuwa na tatizo la kweli. Zamani, dereva aliyekuwa na pengo la dakika moja mbele na dakika moja nyuma alikuwa akitembea tu Jumapili, anatunza tairi zake za Power Stage. Shabiki ametoka Nairobi usiku, kakaa kwenye foleni ya Mai Mahiu, kafika Naivasha kajipanga kando ya waya, halafu gari linapita kama linaenda sokoni. Hilo nalielewa, na hata mimi linanikera.

Lakini dawa ya kwanza waliyoileta mwaka 2024 ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Walitoa pointi 18 kwa aliyeongoza Jumamosi jioni, kwa masharti kwamba amalize Jumapili, kisha 7 za Jumapili na 5 za Power Stage. Matokeo yake yakaonekana mapema, Sweden. Esapekka Lappi alishinda rali ile akapata pointi 19. Elfyn Evans alimaliza wa pili akapata 24. Mshindi anapanda jukwaani kupokea kombe, na aliyesimama chini yake amemzidi kwa pointi 5. Mfumo ule ulidumu msimu mmoja ukatupwa, na ulistahili.

Kwetu hapa, Jumapili haihitaji kuongezewa chumvi. Mwaka 2021 huohuo Thierry Neuville aliamka akiongoza kwa karibu dakika moja. Mkondo wa kwanza wa asubuhi, Loldia, shokamzoba ya nyuma ikavunjika, safari ikaishia hapo, na ushindi ukaenda kwa Sébastien Ogier. Hakuna bonasi iliyofanya Jumapili ile iwe tamu. Ni barabara.

Nataka niwaonyeshe jambo moja la mbio za langalanga, kwa sababu linaonyesha hatari ya bonasi kuliko lolote ninalolijua. Mwaka 1958 mshindi wa mbio alipata pointi 8, wa pili 6, na kulikuwa na pointi 1 ya mzunguko wenye kasi zaidi. Zilihesabiwa mbio sita bora za kila dereva. Stirling Moss alishinda mbio nne. Mike Hawthorn alishinda moja, akawa wa pili mara tano. Bingwa akawa Hawthorn, 42 kwa 41. Sasa chukueni kalamu mtoe zile pointi za mzunguko wa kasi. Hawthorn anabaki na 8 na sita tano, jumla 38. Moss anabaki na nane nne na sita moja, jumla 38. Sare! Na ukiangalia ushindi, nne kwa moja, taji ni la Moss. Bonasi ya pointi moja moja ndiyo iliyoamua bingwa wa dunia. Na mjue kwamba kule Ureno Hawthorn alikaribia kuondolewa kwenye matokeo, na aliyekwenda kumtetea mbele ya waamuzi ni Moss mwenyewe. Yule bwana namheshimu sana.

Wapo mashabiki wetu wanaosema Safari ilipe pointi mara mbili kwa sababu ni ngumu. Naipenda Safari kuliko rali yoyote, lakini hapana. Langalanga walijaribu kulipa mara mbili kwenye mbio za kufunga msimu wa 2014, Abu Dhabi, wakaacha mwaka uliofuata. Na ule utaratibu wa kufuta matokeo mabaya ya dereva, kama wa 1958, sitaki kuuona ukirudi. Timu zikijua matokeo ya rali moja yanaweza kufutwa, ni rali gani wataichukulia kwa wepesi? Ni hii yetu, inayokula magari.

Basi, mimi ningelifanyia nini? Mshindi ningempa 30, wa pili 20, kuanzia wa tatu kushuka ningeacha kama ilivyo. Super Sunday ningeiondoa kabisa. Power Stage ningeibakiza, irudi 3, 2, 1 kama ilivyokuwa ilipoanza 2011, na wapewe tu wale waliopita mikondo yote bila kutoka. Pengo la pointi 10 kati ya wa kwanza na wa pili linampa wa pili sababu ya kukimbiza hadi Hell's Gate, na ule utembezi wa Jumapili unapungua bila kumlipa aliyevunja gari Ijumaa. Mwaka 2025 Ogier alishinda rali sita, Evans mbili, na taji likaamuliwa kwa pointi 4, 293 kwa 289. Evans alikimbia msimu mzima na Ogier aliruka rali tatu, kwa hiyo uvumilivu wa Evans ulistahili kulipwa. Ila sita kwa mbili ni pengo kubwa, na jedwali lilipaswa kulionyesha.

Kwa jumla jedwali la 2025 nalipa saba kwa kumi. Limerudisha heshima ya matokeo ya mwisho, na kushusha wa pili kutoka 18 za kabla ya 2024 hadi 17 ni hatua nzuri ingawa ndogo. Tatu nimezikata kwa sababu ya zile safu mbili za bonasi.

Wenye vilabu mnaoandaa autocross na rali ndogo, chukueni safu ya kwanza peke yake. Na pointi zikifungana mwisho wa msimu, tazameni ushindi kwanza. Ndani ya rali moja, kuna mfano wa hapahapa: Safari ya 1973, Shekhar Mehta na Harry Källström walimaliza sare kabisa kwa adhabu, na ushindi akapewa Mehta kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Andikeni jedwali lenu hapo chini, namba zote kumi, na mniambie wa kumi mmempa ngapi.