Baiskeli ya mlimani kwa kiangazi hiki: kagua friwili kabla ya kulipa

Kiangazi kikiingia Arusha, vumbi likianza kutimka njia za Olmotonyi na Ngaramtoni, malalamiko ninayoandikiwa huwa yaleyale. Mtu amenunua baiskeli ya mlimani mpya, ameipandisha vilima mara chache, na sasa gurudumu la nyuma linayumba. Fundi wa kwanza amenyoosha rimu, kuyumba kumerudi. Fundi wa pili amekaza spoku, diski ikaanza kusugua breki. Wa tatu ndiye aliyefungua kitovu cha gurudumu na kutoa ekseli iliyopinda. Akaweka mpya. Mpya nayo ikapinda. Juzi msomaji wa Lushoto amenitumia picha ya ekseli iliyokatika vipande viwili akiteremka kutoka msitu wa Magamba, na anauliza kama kosa ni lake kwa sababu ana mwili mkubwa.

Kosa si lake, na mwili wake hauna hatia. Aliuziwa baiskeli yenye sura ya mlimani na gurudumu la barabara ya lami.

Kwa hiyo humu sitazungumzia rangi, uzito, wala ubishi wa fremu ya chuma na ya alumini. Saizi ya fremu utaijua ukiipanda. Nataka tuzungumze kuhusu kitu kilichojificha nyuma ya meno ya gurudumu la nyuma, kitu ambacho muuzaji hatakitaja na mnunuzi huwa hakiulizi.

Meno ya nyuma hufungwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni friwili tuliyoizoea: meno pamoja na ule mtambo unaolia tik-tik-tik ukiacha kukanyaga viko kwenye kipande kimoja, na kipande hicho hukazwa kwa nyuzi za skrubu juu ya kitovu. Ya pili ni kaseti. Hapo meno huchomekwa juu ya ngoma yenye mifereji, na ngoma hiyo, pamoja na tik-tik yake, ni sehemu ya kitovu chenyewe. Shimano, watengenezaji wa vipuri vya baiskeli wa Japani, waliingiza vitovu vya namna hiyo sokoni mwaka 1978, kwa hiyo si teknolojia ya jana.

Tofauti inayotuumiza ni mahali gololi zilipokaa. Kwenye friwili, gololi za upande wa kulia ziko ndani, karibu na spoku, kwa kuwa nafasi yote ya nje imechukuliwa na meno. Kuanzia hapo hadi inapoingia kwenye fremu, ekseli inabaki haina wa kuishika. Friwili ya safu saba za meno inaacha kama sentimita 4 za ekseli zikibeba mzigo bila msaada, na kila gurudumu linapopiga jiwe, hapo ndipo pigo linapoishia, kama tawi linalovutwa kwenye ncha mbali na shina. Kwenye kaseti, gololi za kulia zimesogezwa hadi mwisho wa ngoma, jirani kabisa na fremu. Ekseli inashikiliwa pande zote mbili, na kipande kilichobaki wazi ni kidogo sana.

Mtu ataniuliza: mbona Phoenix ya babu inabeba magunia ya mkaa na haikatiki ekseli? Kwa sababu friwili yake ina meno ya safu moja tu. Ni nyembamba, kwa hiyo gololi zimekaa karibu na fremu, na ekseli yenyewe ni chuma kizima kilichofungwa kwa nati. Ubaya ulianza viwanda vilipopanga safu sita au saba juu ya friwili ileile, kisha vikatoboa ekseli katikati ili ifunguliwe kwa mkono bila spana. Sasa una ekseli ya milimita 10 yenye tundu ndani, inayoning'inia. Ikikatika unaweza usijue siku hiyohiyo, maana ule ufito wa chuma wa kati unaobana gurudumu unaendelea kushika vipande viwili pamoja. Unasikia mkwaruzo, gia zinaruka, gurudumu linalala upande mmoja, na unaendelea kuteremka hivyohivyo.

Na kiangazi ndicho kinachozifichua. Wakati wa masika udongo ni laini na wengi wetu hatutoki. Ikifika Julai makorongo yaliyochimbwa na mvua yamekauka na kuwa magumu, mizizi ya misonobari na mikaratusi imebaki wazi, na mteremko unakimbizwa kwa sababu hakuna matope ya kukupunguza mwendo. Kila shimo linapiga gurudumu la nyuma moja kwa moja.

Kukagua ni kazi ya dakika chache. Geuza baiskeli, tandiko chini. Tazama katikati ya safu ndogo kabisa ya meno ya nyuma. Kaseti ina pete yenye meno membamba mengi kwa ndani, na mara nyingi imeandikwa 40 Nm, yaani kipimo cha nguvu ya kuikazia. Zungusha meno kwa mkono kurudi nyuma. Pete hiyo ikizunguka pamoja na meno, ni kaseti. Sehemu ya katikati ikitulia huku meno yakizunguka peke yake, ni friwili.

Kama kila kitu ni cha Shimano, soma maandishi. Futa vumbi kwenye kitovu cha nyuma: ukikuta herufi FH, mfano FH-M475, hicho ni kitovu cha kaseti. Kwenye meno yenyewe, kaseti huanza na CS, kama CS-HG31 au CS-HG200, na friwili huanza na MF, kama MF-TZ21 au MF-TZ500. Herufi mbili tu. Usidanganywe na idadi ya gia, kwa sababu kuna kaseti za safu saba, na siku hizi kuna viwanda vingine vinavyotengeneza friwili za safu nane na tisa ili baiskeli ionekane ya daraja la juu.

Faida ya pili ya kaseti utaiona wakati wa kupanda. Friwili nyingi za safu saba zinaishia safu yenye meno 28. Kaseti ya safu nane inayoanzia meno 11 na kuishia 32 au 34 ni kitu cha kawaida, na kuanzia Ngaramtoni kuelekea juu utaitafuta hiyo 34 kwa machozi. Friwili pia hujikaza yenyewe kila ukikanyaga, kwa hiyo baada ya mwaka mmoja wa kupanda milima kuitoa ni vita. Fundi asiye na kifaa chake ataivunja kwa patasi.

Sasa nafasi zenyewe, yaani baiskeli ninazozipendekeza, kuanzia ya kwanza.

Nafasi ya kwanza naipa Trek ya mtumba yenye kitovu cha FH, na sifichi kwamba Trek ndiyo chapa ninayoipenda. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1976 kule Waterloo, jimbo la Wisconsin, na fremu zake za miaka ya tisini ni vitu vya kurithisha. Ukikutana na 930 au 950 ya chuma, usiondoke dukani kwenda kufikiria, hutaikuta ukirudi. Fremu ya chuma ikipata ufa, fundi wa kuchomelea mwenye mkono mzuri anaweza kuiokoa. Ile 4300 ya alumini iliyokuja baadaye nayo nzuri, mradi umetazama meno. Magurudumu ya inchi 26 yanasemwa vibaya kwenye majarida ya nje, lakini tairi na tyubu za 26 utazipata hata duka la kijijini, na hilo lina thamani kubwa kuliko maoni ya mtu aliye Ulaya. Shokapu ya mbele ya mtumba mara nyingi imekufa. Iache ife. Tairi pana zenye upepo wa wastani zinapunguza mtikisiko wa kutosha kwa njia zetu. Breki za kubana rimu zisikutishe, mpira wake ni rahisi kuupata kuliko wa diski. Unyonge wake ni gololi: kabla hujaanza kuipanda, mpe fundi afungue vitovu vyote viwili, aoshe, aweke gololi mpya na grisi ya kutosha. Usikubali aongeze grisi juu ya grisi ya zamani.

Nafasi ya pili ni Trek Marlin, mpya au iliyotumika kidogo, kuanzia namba 5. Ukitazama kwa mbali Marlin 4 na Marlin 5 za mwaka 2022 hutaona tofauti, lakini 4 ilitoka na friwili ya safu saba na 5 ilitoka na kaseti ya safu nane. Tofauti yote iko hapo. Naipenda chapa hii, na bado Marlin 4 siipendekezi kwa mtu wa milimani bila kubadilisha gurudumu la nyuma kwanza. Marlin 7 ni tamu zaidi, ina shokapu ya mbele ya RockShox inayofanya kazi kwelikweli. Tatizo la Marlin ni mbili: bei, maana ukijumlisha usafiri na kodi unahesabu mamilioni, na tairi. Fremu ndogo zina magurudumu ya 27.5, za kati na kubwa zina 29, na tairi hizo si za kuokota sokoni. Nunua tairi ya akiba siku hiyohiyo unayonunua baiskeli.

Nafasi ya tatu: Giant Talon na Specialized Rockhopper. Ni baiskeli imara, nyingi zimefungwa kaseti, soma CS au MF kama nilivyoeleza. Aliye nazo sina la kumwambia isipokuwa apande.

Baiskeli mpya za bei ya chini, zile zenye shokapu mbele na nyuma na stika nyingi: zote nilizozigeuza zina friwili. Kama mfuko unaishia hapo, chukua isiyo na shokapu ya nyuma, yenye ekseli nzima ya nati, na ubaki kwenye njia za mashamba ya kahawa.

Kuhusu wauzaji, hili linanikera na nitalisema. Baiskeli za mtumba zinatoka kwenye kontena na magurudumu yake halisi. Katikati ya kontena na mteja, mtu anatoa gurudumu zuri la nyuma, analiuza peke yake kwa mwenye kulijua, kisha anafunga la friwili na kuuza baiskeli kwa bei ileile. Ishara yake ni rahisi: rimu ya mbele na ya nyuma hazifanani, au kitovu cha mbele ni Shimano na cha nyuma hakina jina. Ukiona hivyo, dai punguzo la bei ya gurudumu zima. Akikataa, mwachie.

Halafu kuna bei inayohesabiwa kwa gia. Gia 21 ni tatu za mbele mara saba za nyuma, basi. Hazisemi lolote kuhusu uimara, na mara nyingi hiyo saba ndiyo friwili yenyewe. Kadhalika jina la Shimano kwenye kibonyezo cha gia. Kibonyezo kinaweza kuwa cha Shimano na gurudumu zima likawa halina mwenyewe.

Na dada zangu, mmeniandikia kuhusu kuoneshwa baiskeli za kapu kila mkiuliza za mlimani, na kuambiwa msigeuze baiskeli mtachafuka. Geuzeni. Anayekuzuia kugeuza baiskeli unayotaka kuilipia ana kitu anakificha chini yake. Mwambie muuzaji kwa upole, mzee wangu au kaka yangu, naomba niangalie meno ya nyuma, kisha usisubiri ruhusa ya pili. Ukinunua, lisiti iandikwe aina ya kitovu cha nyuma, si «baiskeli moja» peke yake. Wengine watasema haiwezekani. Inawezekana, ni maneno mawili ya kuongeza kwa kalamu.

Bei nazo hupanda wakati huuhuu ambapo njia zinakauka. Mwenye uvumilivu anunue Aprili, mvua ikinyesha, wakati baiskeli za mlimani zimekaa dukani zinakula vumbi. Utakuwa pia na wiki kadhaa za kumpa fundi nafasi ya kuifungua yote bila haraka.

Kwa mliokwisha kununua yenye friwili, msiuze kwa hasara. Fremu nyingi za namna hiyo zina upana wa milimita 135 pale gurudumu la nyuma linapoingia, na gurudumu la mtumba lenye kitovu cha FH na upana huohuo litakaa bila kulazimishwa. Pima kwa rula kabla ya kwenda kutafuta. Kama una breki za diski, hakikisha kitovu kina mahali pa kufungia diski. Si lazima ubadilishe kibonyezo cha gia: chukua kaseti ya safu saba, na kama ngoma ni ya safu nane au tisa, fundi atangulize ringi ya milimita 4.5 nyuma ya kaseti, upande wa spoku, ndipo achomeke meno na kukaza pete. Bila ringi hiyo kaseti itachezacheza hata akaze vipi, na fundi asiyeijua atakwambia kitovu ni kibovu.