Reguleta ipi ununue kwa Arduino au ESP32 yako: kuanzia ya kuaminika hadi ya kuiacha dukani

Reguleta ni kipande kinachoshusha volti na kuzishikilia sawa kwa ajili ya bodi ndogo za kuprogramu kama Arduino au ESP32. Nenda Kariakoo uombe "reguleta ya volti tano", utapewa 7805 kabla hujamaliza kusema. Muuzaji hana kosa. Ndiyo inayojulikana, ni rahisi kuliko zote, na mafundi redio wameishi nayo miaka mingi. Ila kuna swali ambalo hatakuuliza, nalo ndilo linaloamua kila kitu: umeme wako unatoka wapi?

Kama kifaa kitakaa ndani, karibu na soketi, usinunue reguleta kabisa. Chukua chaja nzuri ya simu, volti 5 na ampea 1 au zaidi, chomeka waya wa USB. Bodi ina reguleta yake tayari. Mwongozo huu unawahusu wenye betri.

Namba moja: moduli ya LM2596

Hii ni kwa mwenye betri ya volti 12, iwe ya sola, ya gari au ya bajaji. Ni kibodi kidogo chenye koili nyeusi na skrubu ya shaba pembeni. Dukani taja namba, au sema "moduli ya kushusha volti".

Kwa nini niiweke juu ya 7805? Chukua mfano wangu: kifaa cha kupima maji kwenye tangi juu ya paa, huku Tabata, kwa sababu maji ya bomba yanakuja usiku na sipendi kupanda ngazi na tochi. Kinakula miliampea 200 hivi. 7805 haibadilishi umeme, inauchoma tu: volti 12 kutoa 5 ni 7, mara ampea 0.2, unapata wati 1.4 za joto. Bila kipande cha alumini cha kupoozea, chipu hiyo hupanda nyuzi kama 65 kwa kila wati. Hapo ni nyuzi 91, weka juu yake 32 za Januari ya Dar, tayari uko 123. Sasa jua likiwaka, betri ya sola inachajiwa hadi volti 14.4. Piga hesabu upya: unavuka nyuzi 150, chipu inajizima ili isiungue. Ikipoa inawaka, ikipata moto inazima. Nilihangaika wiki nzima nikilaumu programu yangu, kumbe kifaa kinakufa saa sita mchana na kufufuka jioni.

LM2596 yenyewe hukata umeme na kuuachia kwa kasi, mara 150,000 kwa sekunde, koili ikisawazisha. Kwa kazi ileile inapoteza karibu robo ya wati. Ukiigusa, ni vuguvugu.

Ina kasoro mbili. Ya kwanza ni feki: zimejaa chipu zenye namba hiyo ambazo kasi yake ni karibu theluthi tu ya ile ya orijino, hivyo koili ndogo ya moduli haitoshi na joto linapanda. Wameandika ampea 3. Wewe hesabu moja na nusu. Ya pili ni ile skrubu. Moduli ikitoka kwenye pakiti inaweza kuwa inatoa volti yoyote. Ya kwangu ya kwanza nilifunga ESP32 bila kupima, nikawasha, nikasikia harufu kabla ya kuona moshi. Siku hizi nafunga betri peke yake, naweka mita kwenye upande wa kutoa, nazungusha kwa bisibisi. Utazungusha raundi tano, kumi, namba haijasogea, utadhani ni mbovu. Endelea, kisha ghafla zitaanza kushuka. Simama kwenye 5.0.

Namba mbili: HT7333

Kama unatumia betri moja ya lithiamu na kifaa kinalala muda mwingi, hii ndiyo yako, tena kwa mbali. Inatoa volti 3.3 na yenyewe inakula maikroampea 4 hivi. AMS1117, iliyo namba tatu hapa chini, inakula miliampea 5 hata bodi ikiwa imelala: ni miliampea-saa 120 kwa siku, betri ya 2000 imekwisha ndani ya wiki mbili na ushee bila kufanya lolote. Mpaka wa HT7333 ni miliampea 250, kwa hiyo ESP32 ikirusha WiFi inaweza kuzidiwa na kujizima. Ni ya bodi zisizo na WiFi. Soma namba vizuri: HT7533 inafanana nayo kama pacha lakini inatoa miliampea 100 tu.

Namba tatu: AMS1117 ya 3.3

Inafaa pale ambapo tayari una volti 5 safi, basi. Inahitaji zaidi ya volti moja juu ya ile inayotoa, hivyo betri ya lithiamu ya 3.7 haitoshi. Weka kapasita ya maikrofaradi 22 upande wa kutoa, usibane. Na angalia: ulimi wake wa chuma ndio waya wa kutoa, si hasi kama wa 7805. Ukiugusisha na boksi la chuma lililofungwa hasi, umepiga shoti.

Ya mwisho: 7805

Siitupi. Ukiwa na adapta ya volti 9 na mzigo mdogo, chini ya miliampea 100, inafanya kazi tulivu isiyo na kelele za umeme, na kwa vihisi vya kupima vitu vidogo hilo ni jambo zuri. Isipate chini ya volti 7 tu.

Ukiwa dukani, omba wakuwashie moduli kwa betri au adapta waliyonayo kisha upime mwenyewe. Anayekataa, duka la pili haliko mbali. Nyumbani, ukishaweka 5.0, dondoshea rangi ya kucha juu ya skrubu. Kwenye bajaji hasa, mtikisiko huisogeza kidogo kidogo, na mita yako wakati huo iko kabatini.