Saanane, Mwanza: kisiwa cha mawe nilikovua viatu

Mjukuu wangu ndiye aliyetangulia kujua kwamba tuko ugenini. Boti ilipong'oa nanga pale Capri Point alichovya kidole majini, akakilamba kabla sijamuwahi, akanigeukia macho yamemtoka: "Bibi, hayana chumvi!" Ni mtoto wa Likoni, Mombasa, ana miaka tisa, na maji mapana yote aliyokuwa ameyaona maishani ni ya bahari. Nahodha alimwambia kwa upole asirudie, kwamba maji ya Ziwa Victoria hayanywewi hivi hivi, na kule ufukweni kuna kichocho.

Tulikaa Mwanza siku sita mwezi wa Agosti, shule zetu zikiwa zimefungwa. Tulitokea Kisumu alikoolewa binti yangu, tukapanda basi alfajiri, pasipoti zikagongwa muhuri pale Isebania, ambako upande wa pili ni Sirari. Mbele ya Bunda barabara inapita mlangoni kabisa mwa Serengeti, Lango la Ndabaka, na pundamilia tuliwaona kupitia dirisha la basi. Jioni tukaingia jijini. Mengi tuliyafurahia, lakini nikiulizwa nilichokipenda kuliko vyote sisiti: ni Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, na ndiyo ninayotaka kuieleza hapa.

Ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Tanzania, kilomita za mraba 2.18 ukihesabu na maji na visiwa vidogo vinavyokizunguka, na imo ndani ya jiji. Kutoka gatini hata dakika kumi hazikutimia. Ukionyesha pasipoti ya Afrika Mashariki unalipa kwa shilingi, na bei ni nafuu kuliko ya wageni wa mbali. Mimi nililipa kwa kadi. Wote tulivalishwa jaketi la kujiokolea, hata mtoto akapata la kumtosha. Mtu anayevuka feri ya Likoni maisha yake yote hulitazama sana jambo hilo.

Kijana aliyetutembeza alinipokea kwa "Shikamoo mama" na hakuniharakisha hata mara moja. Alitusimulia kwamba kisiwa kimechukua jina la mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa mwenyewe kabla serikali haijakifanya bustani ya wanyama mwaka 1964, ya kwanza nchini. Kikawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Tuliona swala pala wakila majani bila woga, tumbili, kenge mmoja mnene aliyelala njiani mpaka tukampisha sisi. Pimbi walikuwa wengi, wamejazana kwenye nyufa za mawe kama watoto dirishani. Mjukuu aliposikia kwamba kiumbe mdogo vile ni wa ukoo mmoja na tembo, alimuuliza yule kijana mara tatu kama ni kweli. Akapenda zaidi mjusi wa mawe, yule dume mwenye kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu. Jina lake la kisayansi ni Agama mwanzae, kwa hiyo mji huu ameubeba katika jina lake.

Lakini wacha nije kwenye mawe.

Kwetu pwani jiwe ni matumbawe. Lina matundu, linakata, mguu mtupu haulikanyagi, na baba yangu aliyekuwa mvuvi alirudi nyumbani mara nyingi nyayo zikivuja damu. Mawe ya Saanane ni graniti, majabali makubwa kama nyumba, mviringo, laini, jiwe limekaa juu ya jiwe mpaka unajiuliza nani aliyelipandisha. Yule kijana alisema hakuna aliyelipandisha: mwamba ulipoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, ukapasuka, na udongo uliokuwa umeufunika ukaondoka kidogo kidogo kwa mvua na upepo, yakabaki mawe peke yake yamesimama. Nilifundisha shule ya msingi miaka thelathini na sikuwahi kuuelewa mmomonyoko wa udongo vizuri kama siku ile.

Alinishika mkono tukapanda taratibu mpaka juu ya jabali moja pana linalotazama ziwa. Magoti yangu yana baridi yabisi. Nikavua viatu, nikanyoosha miguu juu ya jiwe lililokuwa limekunywa jua tangu asubuhi, na joto likapanda polepole kutoka nyayo hadi magotini. Nilikaa pale karibu saa nzima. Minandi walikuwa wakikausha mabawa kwenye miamba ya chini, ng'ambo vilima vya Mwanza vimejaa nyumba zilizojipenyeza kati ya mawe yayo hayo. Nikawa nasubiri maji yapwe, mazoea ya pwani, nikakumbuka kwamba hapa hayapwi wala hayajai kwa siku. Ziwa hili hujaa kwa miaka, kama mwaka 2020 lilipopanda likameza fukwe. Nilimkumbuka baba. Angeuliza maswali mengi sana.

Chakula tulikula mjini baadaye, kwa mama mmoja karibu na ufuo: sato wa kuchoma, ugali, kachumbari na limau. Huyu sato ndiye ngege wa Kisumu, kama sangara alivyo mbuta na dagaa alivyo omena. Mimi samaki bila nazi huwa namuona mtupu, lakini yule alikuwa ametoka majini asubuhi ile na hakuhitaji kitu. Kesho yake tulikwenda soko la Mwaloni, Kirumba, nikabeba dagaa wa kuwapelekea wakwe wa binti yangu.

Kilichoniudhi safari nzima ni nyumba ya wageni tuliyofikia. Asubuhi mbili bomba halikutoa tone, na hakuna aliyekuja kutuomba radhi mpaka nilipoteremka mwenyewe mapokezi na ndoo mkononi. Ulizeni habari ya maji kabla hamjalipa.

Kisiwani nendeni na viatu vya soli ya mpira, kofia, na maji ya kunywa ya kutosha. Mwenye magoti kama yangu aseme mapema, watampitisha njia isiyo na mpando mkali. Mimi nawapa tano kati ya tano. Agosti ijayo, tukijaliwa, tunarudi na mjukuu wangu, na nitaomba boti ya kwanza ya asubuhi, niyakanyage mawe yale yakiwa bado baridi, kisha nikae nisubiri yapate moto.