Kijiko kimoja cha maji kiliniharibia chokoleti ya Siku ya Wapendanao

Kisanduku hiki cha kutengeneza chokoleti nyumbani nilitaka kukipa nyota moja. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena, na bado mkono unaelekea kwenye sifuri. Unayefikiria kukinunua kwa ajili ya Februari 14, soma kwanza, maana ubovu wake hauonekani kwa kukitazama.

Vilivyomo vyenyewe vinavutia: vipande vya chokoleti nyeusi, kalibu laini ya silikoni yenye maumbo ya moyo, kipimajoto, mwiko, na kikaratasi cha maelekezo. Hicho kikaratasi ndicho kilichonitia hasira hadi leo.

Mume wangu anapenda chokoleti nyeusi, ile chungu hasa, na safari hii nilikuwa nimeazimia asile iliyotengenezwa na mtu mwingine. Nikaanza usiku wa kuamkia siku yenyewe, watoto wamelala. Maji kidogo kwenye sufuria, bakuli juu yake bila kugusa maji, moto wa chini. Chokoleti ikalainika taratibu, ikawa inang'aa, harufu imejaa jikoni nzima. Ilikuwa nzito kiasi. Nikatazama maelekezo: ikiwa nzito, ongeza kijiko kimoja cha maji ya moto kisha koroga. Nikaongeza, nikakoroga.

Haikupita hata dakika. Kwanza mng'ao ulitoweka, chokoleti ikafifia mbele ya macho yangu. Halafu mwiko ukawa mzito mkononi. Chokoleti ikabanduka kwenye kingo za bakuli, ikajikusanya katikati, ikawa donge gumu la chengachenga, kama udongo wa mfinyanzi ulioachwa juani. Kadiri nilivyokoroga ndivyo ilivyozidi kukaza.

Jamani, hili si fumbo. Chokoleti karibu haina maji kabisa. Ni chembe za kakao na sukari zilizotawanyika ndani ya siagi ya kakao. Yakiingia maji kidogo tu, sukari inalowa, inanata, chembe zinashikana, basi. Hata mvuke ukidondokea bakulini unatosha kuiharibu, ndiyo maana wanaojua kazi hii hukausha bakuli, mwiko na mikono kabla ya kugusa chochote. Ikiwa nzito unaongeza siagi ya kakao, au mafuta kidogo yasiyo na ladha. Sasa kampuni inayoishi kwa kuuza chokoleti inachapaje neno "maji" kwenye karatasi yake? Nani aliisoma kabla haijachapwa? Hakuna hata mmoja pale aliyejaribu kufuata maelekezo yao wenyewe?

Asubuhi nikapiga simu huduma kwa wateja. Nilipiga kwa upole kabisa, nikidhani wangependa kujua wana kosa la uchapaji. Dada aliyepokea hakuniacha nimalize. "Hiyo umeiunguza." Nikamwambia, dada yangu, chokoleti iliyoungua inanuka, hii hainuki, na kipimajoto chenu kilisoma nyuzi 46. Nikamsomea ule mstari neno kwa neno. Kimya kidogo. Kisha: "Mbona wateja wengine wanaweza? Labda ungenunua tu iliyo tayari." Akanitakia Siku njema ya Wapendanao, akakata.

Mtu anakuuzia kitu kwa kukuahidi kwamba utamtengenezea umpendaye zawadi kwa mikono yako, halafu kikiharibika kwa sababu yake anakwambia mikono yako haifai. Hilo liliniuma kuliko pesa.

Donge sikulitupa. Maji kidogo huikaza chokoleti, lakini majimaji mengi huilegeza. Nilipasha krimu hadi ikaanza kutoa povu pembeni, nikaimimina kidogo kidogo huku nakoroga, ikarudi kuwa laini. Ikapoa kwenye friji, nikaviringa vidonge, nikavigaragaza kwenye unga wa kakao. Mume wangu alivimaliza na kuuliza kama vimebaki vingine. Nafurahi, sikatai. Ila mimi nilitaka mioyo inayong'aa, ile ukiivunja inalia "tak!", na hiyo sikuipata siku niliyoihitaji.

Na hapa ndipo hukumu yangu inaponisumbua, maana kalibu yao ni nzuri ajabu. Baadaye nilitafuta chokoleti nyeusi nyingine, yenye siagi ya kakao halisi, siyo ile iliyochanganywa na mafuta mengine ya mimea. Nikaipasha ikapita nyuzi 45, nikaipoza hadi 28, nikaipandisha tena kidogo hadi 31. Hatua hiyo ndiyo inayofanya siagi ya kakao igande kwa mpangilio ulio imara. Ukiiruka, chokoleti inatoka butu, ina michirizi myeupe, na inayeyuka ukiishika tu. Kikaratasi hakiitaji popote! Wameweka kipimajoto kisandukuni bila kumwambia mtu apime nini. Lakini ile mioyo ilichomoka yenyewe nilipoikunja kalibu, mizima, inang'aa hadi kwenye kingo, hakuna hata mmoja uliomeguka. Nilimwita mume wangu jikoni aje aione kabla sijaigusa.

Nikasema basi, nyota tatu, tusiwaonee. Vifaa vizuri ni vizuri. Nilikuwa nimeshaziweka kabisa. Kisha nikakumbuka ile "labda ungenunua tu iliyo tayari", nikakumbuka na kwamba kisanduku bado kinauzwa na mstari uleule, na kuna mtu atakifungua usiku wa tarehe 13 hana muda wala chokoleti ya akiba. Nimezishusha. Ni nyota moja, na hiyo ni ya kalibu. Waufute ule mstari, waandike nyuzi za joto mahali pake, nami nitarudi kurekebisha. Kama umeshakinunua, chana hicho kikaratasi kabla hujawasha jiko, na weka maji mbali na bakuli lako.