Utabiri wa ngurumo chini ya milima ya Rockies: tathmini ya huduma ya ofisi ya Boulder

Kwa sisi tuishio Denver na Aurora, jimboni Colorado, jambo la kwanza la kujua asubuhi ya Julai ni saa ambayo ngurumo zitaanza milimani na saa zitakapotufikia huku tambarare. Kwa majira manne ya kiangazi nimetegemea utabiri unaotolewa bila malipo na ofisi ya Boulder ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani, pamoja na ramani za hatari zinazochorwa na kituo cha dhoruba cha Norman, Oklahoma. Ninaandika kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaopeleka watoto milimani siku za Jumamosi, kwa kuwa wengi wao hutazama picha ya jua kwenye simu na kuishia hapo.

Aliyekulia Moshi anafahamu jinsi Kibo kinavyoonekana wazi alfajiri kisha kikafunikwa kabla ya adhuhuri. Rockies nazo hufanya hivyo, ila kwa ukali zaidi. Jua huanza kuchoma miteremko inayotazama mashariki tangu asubuhi, hewa iliyopata joto hupanda, na ifikapo saa tano mawingu huwa yamejikusanya juu ya vilele. Upepo wa juu utokao magharibi huyasukuma kuelekea tambarare, hivyo Denver hupigwa mara nyingi kati ya saa nane na saa kumi na moja alasiri. Kuanzia Julai, unyevu wa monsuni kutoka Ghuba ya California na Ghuba ya Meksiko huongezea mawingu hayo nguvu.

Kitu bora kabisa katika huduma hii ni maelezo ya mtabiri mwenyewe, maandishi marefu yanayotolewa alfajiri na kufanyiwa marekebisho mara kadhaa kwa siku, ambamo mtaalamu hueleza anachokiona, anachokitilia shaka na sababu zake. Asilimia ya mvua peke yake haimsaidii sana mpanda mlima: asilimia 40 ni uwezekano wa mahali hapo kupata angalau robo milimita ya mvua katika kipindi kilichotajwa, na haimwambii mtu ashuke saa ngapi.

Julai iliyopita tuliwachukua vijana wa kanisa letu kuelekea ziwa lililo chini ya ukuta wa Longs Peak, mlima wenye urefu wa mita 4,346. Maelezo ya alfajiri yalisema kwamba unyevu umeongezeka na kwamba ngurumo zingeanza mapema kuliko siku iliyotangulia, kwa hiyo tulianza kupanda saa kumi na moja alfajiri na kukubaliana kugeuka saa nne na nusu, popote tutakapokuwa. Saa hiyo wingu lililokuwa limekaza kama koliflawa lilianza kupoteza kingo zake na kutanda juu kwa umbo la fuawe. Wenzetu wawili, waliokuwa wakifuata programu moja ya simu iliyoonyesha jua na kiwingu kidogo, waliomba kubaki nyuma kwa nusu saa. Saa sita na dakika ishirini, sisi tukiwa tumeshaingia garini, mvua ya mawe yenye ukubwa wa gololi ilianza kuruka juu ya lami, na hewa ikajaa harufu ya misonobari iliyochanwachanwa. Wale wawili walifika wakiwa wameloa chepechepe, mikono imejaa alama nyekundu, na mmoja wao hakuweza kusema neno kwa muda.

Ramani za Norman zina ngazi 5 za hatari, nazo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Dhoruba huhesabiwa kuwa kali ikileta mawe ya barafu ya sentimita 2.5, au upepo wa kilomita 93 kwa saa, au kimbunga cha tonado. Radi haimo katika kipimo hicho. Siku isiyo na ngazi yoyote ya hatari inaweza bado kuua mtu juu ya mlima. Julai 2014 watu wawili walipigwa radi na kufariki katika siku mbili mfululizo kwenye barabara ya milimani ya Trail Ridge au karibu nayo. Radi inaweza kupiga hata kilomita 16 kutoka kwenye mvua yenyewe, na ndiyo maana idara inashauri kukaa ndani kwa dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Upungufu upo. Maelezo ya mtabiri yameandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, na joto limewekwa kwa Farenhaiti. Mimi nilichukua kiangazi kizima kuzoea kwamba kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka matone) cha nyuzi 50, yaani 10 za Sentigredi, kinatosha kwa dhoruba kubwa katika nchi hii ya juu. Ramani ya utabiri nayo humpa mtu hali ya hewa ya mahali alipobofya, kwa hiyo anayebofya mji wa Estes Park anapata utabiri wa mita 2,293 ilhali anakusudia kupanda mita 2,000 zaidi. Bofyeni mlima wenyewe, kisha mtazame mwinuko ulioandikwa kwenye ukurasa.

Kwa tambarare, huduma ya tahadhari naiona bora sana. Wanatofautisha angalizo, linalosema mazingira yanaruhusu dhoruba, na tahadhari, inayosema dhoruba ipo au iko karibu kufika. Na tangu 2007 tahadhari huchorwa kwa kufuata njia ya dhoruba yenyewe badala ya kutangazwa kwa wilaya nzima. Hata hivyo, tangu 2021 simu hulia zenyewe kwa dhoruba ya ngurumo pale tu upepo unapotarajiwa kufikia kilomita 129 kwa saa au mawe ya barafu sentimita 7. Mawe ya sentimita 4, yanayotosha kuvunja kioo cha gari, yatafika bila simu kulia, na mwenye gari barazani itambidi awe ameifungua tovuti ya Boulder kabla ya saa nane.