Nyumba ya Luis Barragán, Tacubaya: maoni ya fundi rangi

Kwa nje utadhani umepotea njia. Mtaa wa General Francisco Ramírez, jijini Mexico, ukuta wa lipu uliopauka, mlango wa kawaida, basi. Ndipo alipojijengea Luis Barragán, msanifu majengo wa Mexico, mwaka 1948, akaishi humo hadi alipofariki 1988. UNESCO waliitia nyumba hii kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2004.

Tiketi kata mapema mtandaoni. Watu huingizwa vikundi vidogo na mwongozaji, kwa hiyo usiende kubahatisha.

Mimi kazi yangu ni rangi, kwa hiyo ukumbi wa mlangoni ulinitosha. Sakafu ni mawe meusi ya volkano, kuta nyeupe, halafu ukuta mmoja waridi iliyokolea haswa. Juu kwenye kona ya ngazi kuna kazi ya msanii Mathias Goeritz, ubao uliopakwa dhahabu. Mwanga wa dirisha la juu huupiga ule ubao, ukashuka chini umeshageuka manjano, na ile waridi haikai rangi moja. Wateja wangu huchagua rangi kwenye kadi ya dukani, ukuta ukikauka lawama zangu! Barragán, ambaye alisomea uhandisi kule Guadalajara, alikuwa akishauriana na rafiki yake mchoraji, Chucho Reyes, na kuta za nyumba yake mwenyewe alizipaka na kuzipaka upya miaka nenda rudi. Mtu aliyepewa Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu majengo, mwaka 1980 hakuona haya kurudia koti la rangi.

Maktabani kuna ngazi ya mbao za msonobari zilizochomoza ukutani, haina nguzo wala pa kushika. Kwa macho, tamu. Kwa mtu anayeishi na watoto, hapana. Ngazi ya mawe ya ukumbini nayo haina kishikio, kwa hiyo mwenye magoti mabovu ajue.

Juu ya paa kuta zimepandishwa hadi jiji lote limetoweka, umebaki na mbingu tu. Anayetaka mandhari ya mji atachukia. Mie nilipapenda kuliko sebule.

Ukibaki na muda, Casa Gilardi, nyumba nyingine aliyoisanifu Barragán, ya 1976, iko mtaa wa San Miguel Chapultepec, si mbali. Bwawa lake liko ndani ya chumba cha chakula, na kuta zake ni za buluu na nyekundu. Nayo pia huingii bila miadi.