Tahadhari: banda la "kuku 20" linalotosha kuku watatu

Ndugu wafugaji, hasa mnaofugia uani hapa Dar na Pwani: yale mabanda ya mbao yaliyotengenezwa tayari, yenye rangi nzuri, kingazi na kidirisha, yanayotangazwa mitandaoni kwamba yanabeba kuku 20, yaangalieni vizuri kabla hamjatuma hata shilingi ya advansi.

Jirani yangu kanunua moja kwa 650,000. Lilikuja vipandevipande ndani ya boksi, nikaitwa kusaidia kulifunga. Kabla ya kushika bisibisi nikachukua futi kamba. Sakafu ya ndani, pale kuku wanapolala, ni sentimita 120 kwa 60, yaani mita ya mraba 0.72. Kuku mkubwa wa mayai tunampigia hesabu ya wanne hadi watano kwa mita moja ya mraba. Hapo wanakaa watatu kwa raha, na wa nne kwa kubanana. Muuzaji alipopigiwa simu akasema yeye amehesabu pamoja na kiboksi cha kutagia, na kauwanja ka chini, tena "kuku wakiwa bado wadogo". Vifaranga, yaani! Kwa hesabu hiyo hata ndoo ni banda.

Viota navyo vilikuwa viwili, upana wa sentimita 20 kila kimoja. Kuku wa mayai anataka kama 30. Ukiwa na kuku chotara wenye miili mikubwa kama Kuroiler au Sasso ndiyo usahau kabisa: ataingia kichwa na kifua, mkia utabaki nje, na mayai atakwenda kutagia chini ya ndoo zako.

Kinachonikera zaidi ni wavu. Ni ule mwembamba wa matundu ya pembe sita, umebanwa kwenye fremu kwa pini kama za ofisini. Niliushika kwa vidole viwili nikavuta, pini tatu zikatoka pamoja na unyuzi wa mbao. Wavu ule unamzuia kuku asitoke, haumzuii nguchiro wala kicheche asiingie. Komeo la mlango lilikuwa kijiti cha kuzungusha, na paka wa mtaani akikisukuma tu, mlango uko wazi. Wavu wa maana ni ule wa chuma uliochomelewa, tundu lisizidi nusu inchi, ukagongelewa kwa misumari ya kupinda, na chini ukafukiwa ardhini au ukakunjwa kwa nje ili mnyama asichimbe.

Halafu kuna joto. Mengi ya mabanda haya yamechorwa kwa ajili ya nchi za baridi, ndiyo maana yamezibwa pande zote kama kabati. Kuku hatoi jasho, anajipoza kwa kuhema mdomo wazi. Mfungie Januari ya Dar kwenye sanduku lenye kidirisha cha kiganja, chini ya paa la karatasi ya lami lililo sentimita chache juu ya kichwa chake, uone asubuhi utakuta nini. Huku kwetu banda linataka ukuta mfupi upande wa chini na wavu juu, upepo upite, na harufu kali ya kinyesi itoke. Mbao zenyewe ni laini, hazikutiwa dawa. Masika moja zimevimba, mlango haufungi, mchwa wameshapata taarifa. Na kwenye zile nyufa ndiko utitiri unakojificha mchana, usiku unatoka kunyonya damu.

Wauzaji hao angalau wanaleta kitu. Kuna wengine hawana banda kabisa, wana picha tu. Nyuma ya banda utaona nyasi za kijani kibichi na miti ya tufaha, halafu wanakwambia stoo iko Kariakoo. Ukiomba kwenda kuona, "stoo imefungwa leo, ila gari la mikoani linaondoka jioni, lipia nusu tukupakilie". Namba ya kulipia ni ya mtu binafsi, na jina linalotokea halifanani na la duka. Ukishatuma, linakuja ombi la pili, eti hela ya kupakia, kisha simu haipokelewi. Akaunti iliyomfanyia hivyo mtu ninayemfahamu imeshabadilisha jina, kwa hiyo msitegemee kuikwepa kwa jina. Mwambie muuzaji akupigie simu ya video sasa hivi, asimame kando ya banda na futi kamba, apime sakafu ya ndani ukiona. Asiye na banda atakata simu. Na lipa mzigo ukiwa mbele yako.

Sisemi banda la kununua halifai kwa kila mtu. Mpangaji anayehamahama, mwenye kuku watatu wa mayai ya nyumbani, linaweza kumfaa akibadilisha wavu na komeo na kuongeza matundu ya hewa. Lakini kwa kuku kumi na kuendelea, nenda kwa fundi wa kuchomelea mtaani kwako au fundi seremala, mpe vipimo vyako, mkubaliane fremu ya chuma au mbao zilizotiwa dawa, na bati la kawaida. Jirani yangu sasa hivi anamlipa fundi kwa mara ya pili, maana lile la boksi limegeuka la kuwekea vifaranga mchana.

Aliyekwisha tapeliwa asifute meseji wala muamala. Namba ya tapeli itumwe 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na uende polisi na vielelezo vyako, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahusika. Kama umeletewa banda lisilolingana na tangazo, piga picha za tangazo lenyewe kabla hawajalifuta, upeleke malalamiko Tume ya Ushindani, FCC.